Kovu Chini ya Goti

Kuhusu kovu la Selipher nilikosea tangu mwanzo. Nilikuwa dereva mpya wa familia anayoifanyia kazi za nyumbani hapa Jeddah. Siku moja, tukimngoja madam nje ya duka la vitambaa mtaa wa Balad, upepo uliinua abaya yake. Chini ya goti niliona duara jeusi, lenye ngozi nyembamba inayong'aa. Kwa kuwa nilisomea sosholojia, jibu lilinijia haraka mno: alichomwa kwa pasi.

"Dada, nani alikuchoma?"

"Nichomwe na nani? Huyu madam anayeogopa hata mende?" Alicheka. "Hiyo ni kazi ya watu wa ambulansi, Josphat. Walinitoboa mfupa."

Familia ilipokuwa ingali mtaa wa Malaz, kule Riyadh, Selipher aliharisha na kutapika hadi akaanguka jikoni. Wahudumu hawakupata mshipa wa kumwekea dripu, wakapitisha sindano kwenye mfupa wa muundi. Alipona. Lakini dawa fulani ilikuwa imevujia chini ya ngozi. Mguu ulipovimba, aliukanda kwa maji moto ya chumvi, kama tufanyavyo nyumbani. Ngozi ikatoa malengelenge, ikawa nyeusi, ikabambuka.

Wakati huo familia ilikuwa ikijiandaa kuhamia Jeddah, alikokuwa Keziah, dada yake Selipher, ambaye hakuwa amemwona tangu watoke Kenya. Baba mwenye nyumba alisema kidonda kisipofunga, Selipher atarudishwa kwao.

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha maji moto. Nesi alinigombeza mpaka nikaona aibu. Madam akawa ananifunga bandeji mwenyewe, ameangalia kando. Kikafunga, tukahama, halas, yakaisha. Ijumaa nakula ugali na dada yangu. Sasa wewe msomi, hiyo huruma yako niipeleke wapi?"

Nilicheka pia, ingawa sina hakika kama nilimfurahia yeye au nilikuwa nikificha haya yangu.

Lililobaki nililipata baadaye kwa Keziah. Kuna jambo Selipher hakumweleza nesi wala madam, akihofia wangesema kidonda amejiletea mwenyewe, kisha wamrudishe. Alipozinduka kwenye machela, aliona mguu wake uko wazi mbele ya wanaume wasiomjua. Alikunja goti kwa nguvu ili alivute gauni limfunike, na hapo ndipo sindano iliposogea, dawa ikaanza kuvujia chini ya ngozi.