Mawe ya Kwenye Tangi

Kila nikikoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu ili nisukutue koo, harufu yake hafifu hunirudisha Tunduma, kwenye mapokezi ya gesti ya shangazi. Malori ya mpakani yalinguruma mchana kutwa, na kioo cha tangi lake la samaki wa baharini kilitetemeka nayo.

Nilikuwa nimeletwa kwake juzi tu kutoka Nakonde, na begi moja. Binti yake alinionyesha godoro kando ya mlango wa chumba chake.

"Huku dirishani kote ni kwangu. Usipite."

Siku ya tatu basi la Dar lilileta samaki mdogo wa rangi ya chungwa, ndani ya mfuko wa maji ya bahari. Shangazi aliuacha mfuko uelee tangini, akawa anautilia maji ya humo kidogo kidogo kwa kikombe. Mimi sikutulia. Samaki wa bluu, mkongwe wa tangi, alikuwa anaugonga ule mfuko kwa mdomo.

"Atamuua, shangazi."

"Hamuui."

Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha mpaka kwapani, akahamisha mawe yote ya matumbawe. Maji yalichafuka. Yalipotulia, alimwachia yule mdogo. Samaki wa bluu hakumjali. Alikuwa anahangaika kutafuta pango lake.

Shangazi alijifuta kwa khanga, akatuita mimi na binti yake chumbani, akasimama kando ya kitanda cha dirishani.

"Haya, shikeni huku na huku. Leo hakibaki kitu mahali pake."