Maneno Marefu Yenye P na H

Mpaka leo ukiniamsha usingizini naweza kukutajia maneno ya Kiingereza yenye P na H zilizokaa pamoja, tena yale marefu, na maana zake. Philanthropist ni mtu anayetoa mali yake kusaidia wengine. Metamorphosis ni kile kitendo cha kiwavi kugeuka kipepeo. Phlegmatic ni mtu mpole, asiyeshtuka wala kukasirika upesi. Hilo la mwisho halinihusu.

Niliyasomea sekondari, kule Ileje. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa anatupa herufi mbili Jumatatu, tunasaka maneno wiki nzima, Ijumaa mchana tunayamwaga kwenye dibeti, mdahalo wa darasa. Mada ilikuwa haina kazi. Iwe maisha ya mjini na ya kijijini, iwe baba na mama nani bora, watu walikuwa wanasubiri neno refu tu. Ukitoa ambalo hakuna anayelijua, darasa zima linagonga madawati. Mtu akiuliza maana unampa, unakaa, unakunja mikono. Wiki ya P na H niligongewa madawati mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia dirishani. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea Kindali, Kiswahili chenyewe cha kubahatisha. Siku ile nilijiona nimefika.

Nilifika wapi, sijui. Nauza mchele hapa Tunduma. Nusu ya wateja wangu ni Wazambia, na Kiingereza chao kwangu ni cha kuuliza bei, kuomba punguzo na kuaga. Hajatokea mtu wa kutaka mchele na metamorphosis.

Binti yangu ana miaka mitano. Tulimpeleka chekechea ya Kiingereza mtaani kwetu Chapwa, na haukupita muda akarudi anaimba hippopotamus, kiboko, bila kukosea. Baba yake akamwita jirani aje asikie. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Baadaye akaanza kukataa uji wa asubuhi. Nikadhani minyoo, nikampa dawa. Nikadhani deko, nikamfokea. Jioni moja namwogesha nikamuuliza taratibu.

"Uji una nini, mama?"

"Nikinywa nabanwa."

"Si unaomba ruhusa uende chooni?"

"Kwa Kiingereza sijui. Nikisema Kiswahili navalishwa boksi."

Boksi lenyewe ni kipande cha katoni chenye kamba. Mtoto akiteleza akasema Kiswahili, anavalishwa shingoni mpaka mwenzake ateleze. Akaniambia bila kulia, anachezea povu, kwamba alishalivaa, na siku nyingine alinyamaza ili asilivae, akajikojolea. Nikakumbuka sketi iliyorudi imelowa. Aliniambia ni maji ya bomba, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mtoto anajua kiboko kwa Kiingereza. Choo hajui.

Asubuhi nikamshika mkono tukaenda. Mwalimu wake ni kijana, amevaa tai, alikuwa amesimama getini anapokea watoto. Nikamsalimia, nikasema nina shida ndogo kuhusu mwanangu. Akanikatisha kwa Kiingereza, kwamba ndani ya geti ni Kiingereza tu, kwa wazazi pia, hiyo ndiyo philosophy ya shule. Yaani falsafa yao.

Angeniambia neno lingine lolote. Hilo lina P na H.

Nikamwambia philosophy yake ni blasphemous, ya kukufuru. Akatabasamu, akanijibu kwamba mimi sijui phenomenon ya dunia ya sasa, mambo yanavyotokea. Nikamwambia anachokitengeneza ni catastrophe, janga tupu. Wazazi waliokuwa wanaleta watoto wakasimama. Dereva wa bodaboda akazima pikipiki.

"Mpe huyo, dada, usimwachie," akasema.

Nikampa. Niliyatoa yote, hata ambayo hayakuingia kwenye habari. Mwisho mwalimu akacheka, akanyoosha mkono.

"Mama, kumbe umesoma. Siku moja njoo utufundishie watoto dibeti."

Nikamshika mkono. Nikacheka pia. Nikaenda sokoni natembea kama nimevishwa taji.

Nilikuwa nafungua gunia la kwanza ndipo nikaelewa kwamba neno choo sikulitaja. Boksi sikulitaja. Na mwanangu muda wote alikuwa ameshika sketi yangu, haelewi tunachosema. Alichoona yeye ni mama na mwalimu wanaongea lugha ile ile ya boksi, wanacheka, wanapeana mikono, halafu mama anaondoka.

Nikamwachia jirani wa pale sokoni meza, nikarudi na aproni yangu. Nikasimama mlangoni pa darasa, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Mwalimu, mwanangu akibanwa, anabanwa kwa Kiswahili. Akisema choo, mruhusu aende."

"Madam, we have..."

"Acha. Sijaja kwenye dibeti. Nisikilize. Anakataa uji kwa kukuogopa wewe."

Akajibu, kwa Kiswahili, tena chini chini, kwamba hakujua. Labda kweli hakujua. Nikamuuliza binti yangu pale pale kama anataka kwenda. Kabla ya kunijibu alimtazama mwalimu kwanza. Nikampeleka mwenyewe, nikasimama nje ya mlango wa choo, nikamsikia anakojoa kwa muda mrefu sana.

Siku hizi anaruhusiwa. Mwalimu ametimiza, sitamsema vibaya kwa hilo, na uji unanyweka. Ila binti yangu haombi kwa Kiswahili, na Kiingereza nilichomfundisha usiku ule ule, cha maneno manne mafupi, anakijua na hakitumii. Ananyoosha kidole kuelekea mlangoni. Hata nyumbani, tukiwa wawili tu, hakuna wa kumvalisha chochote, akitaka kwenda haniambii. Anasimama mbele yangu kimya, ananyoosha kidole.