Choo Kilichofukiwa Kwenye Sinema

Enzi za Waingereza, Korogwe kulikuwa na maktaba inayoazimisha sinema za mafunzo. Sisi wanawake wa darasa la jioni, Handeni, tulikuwa tunaziagiza kupitia mwalimu wetu. Mkanda unakuja na basi ndani ya kopo la bati, pamoja na karatasi ya kujaza: wameangalia watu wangapi, na wamefaidika nini.

Safari hiyo ililetwa sinema ya kuchimba choo. Mimi ndiye niliyeiomba. Nyumbani kwetu tulikuwa tunakwenda kichakani, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa haishi kuharisha. Kila nikimwambia baba watoto, ananijibu hajaona mtu mwenye akili akiijengea nyumba kazi hiyo. Mwishowe akaahidi mbele ya mwalimu: akiona kwa macho yake, atachimba.

Jumamosi baada ya adhuhuri tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi. Tuliona yote, bwana mmoja anachimba, analaza magogo, anaezeka, mkewe anaweka mtungi wa maji mlangoni. Baba watoto hakuwepo, alikuwa kwenye kahawa. Alifika sinema imekwisha, mwalimu anaurudisha mkanda mwanzo, na taa ya mashine hajaizima, picha zinakwenda kinyumenyume ukutani. Basi mume wangu akakaa kitako, katulia kama yuko msikitini, akaangalia nyasi zinashuka paani, magogo yanang'oka, udongo unarudi shimoni mpaka uwanja ukawa sawasawa.

Akasimama, akajikung'uta kanzu. "Nimeona, mama. Hata yule bwana kaona hakifai, kakifukia."

Darasa zima lilicheka. Petroli ya mashine ilikuwa imekwisha, hatukuweza kuirudia. Nilicheka na mimi, ila kwenye sala ya magharibi nilimwomba Mungu anionyeshe njia.

Jumatatu baba watoto alikuwa na safari ya Korogwe, mwalimu akamwomba arudishe kopo. Karatasi ilikuwa haijajazwa. Nikaijaza mimi, kwa hati yangu ya darasa la jioni, herufi kubwa kama mihogo. Niliandika kuwa wote tumefaidika isipokuwa mume wangu, huyu anayeleta kopo, ambaye alichelewa akaiona kinyumenyume. Kwa hiyo tunaomba tuazimwe tena. Yeye hajui kusoma, na hakuuliza.

Jioni alirudi na kopo lilelile kwapani. Karani wa maktaba, mume wangu alinisimulia mwenyewe kwa shida, aliisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya watu, kisha akampa mkanda tena na kumsihi safari hii awahi. Kwenye basi, abiria walimwita Bwana Kinyumenyume mpaka Handeni.

Nilimwekea ugali. Alikula, akanawa, akauliza jembe liko wapi.

"Na sinema je?" nikamwuliza.

"Angalieni nyie. Mimi nitakuwa shimoni."