Mkaa wa Kuchujia Maji

Jumatatu, kwenye ofisi ya maji hapa mjini, mbele yangu alisimama mama kutoka milimani, kule wanakosafisha dhahabu kwa zebaki mtoni. Alifuata mkaa mpya wa ndoo yake ya kuchujia maji.

"Shikamoo mama. Ule wa zamani umeurudisha?" aliuliza mhudumu.

"Marahaba. Niurudishe ili iweje? Niliuanika, nikapikia maharage. Na jirani nikamgawia."

Mhudumu aliweka kalamu chini, akafumba macho. "Mama, zebaki yote ya kwenye maji inanasa kwenye huo mkaa. Ukiuchoma, sumu inatoka na moshi."

"Mbona hamkusema?"

Nimechoka, jamani. Wataalamu wetu wanajua sumu inanasa wapi, ila hakuna aliyejiuliza ni mama gani, kwa hali hii, anatupa mkaa.