Sindano ya Saa Kumi

Kwa miaka mitatu nilishuka na kaka yangu mjini Moshi kila mwezi, akachomwe sindano ya kutuliza sauti za kichwani mwake. Tuliondoka kijijini kwetu Uru asubuhi, akishamkatia ng'ombe majani, tukarudi jioni miguu yangu ikiwaka moto na yeye akisinzia begani kwangu ndani ya daladala. Siku hizo, mimi ninayeishi kwa kuandika, sikuandika hata sentensi moja. Kesho yake pia.

Kisha zahanati ya kijijini ikaanza kuletewa dawa ile, na faili lake likahamishiwa huko. Robo saa kwa miguu! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu migombani.

Tulipofika, benchi lilikuwa limejaa watu tunaosali nao. Mama mmoja wa kwaya akasogea kumpisha.

"Karibu, baba. Na wewe presha imepanda?"

"Mwache," akasema mwenzake, akionyesha chumba cha wagonjwa wa akili. "Huyo mlango wake ni ule wa mwisho."

Wakacheka kidogo, bila ubaya mkubwa. Kaka akawaamkia shikamoo, mmoja mmoja, kisha akageuka akaenda zake.

Mjini alikuwa mgonjwa tu, kama wengine. Hapa kila mtu alijua ni mtoto wa nani. Hakukubali kurudi pale, na mjini faili lake halikuwapo tena. Wiki ya pili akaacha kulala. Ya tatu akaanza kugombana na migomba, nasi tukaficha panga.

Wiki hiyohiyo ng'ombe akavimba kiwele. Bwana mifugo akapanda na pikipiki yake mpaka bandani. Kaka, ambaye hakuwa ametulia tangu alfajiri, alimshika ng'ombe kichwa, akimnong'oneza, hadi sindano ikaisha.

Mama alisimama na ndoo tupu. "Ng'ombe anafuatwa nyumbani," akasema. "Mwanangu mpaka akakae benchi."

Nilikwenda kwa nesi wa zahanati nikamfikishia maneno hayo kama yalivyo. Sikuwa na nguvu ya kuyapamba. Akafunga daftari.

"Maziwa mnauza?"

"Kiwele kikipona."

"Na huyo kaka yako atasubiri kiwele? Kesho saa kumi nitakuja kuulizia."

Alikuja na kidumu kitupu na mkoba. Kaka alikuwa akimwekea ng'ombe majani. Akatazama kidumu, akatazama mkoba.

"Nesi, wewe hujafuata maziwa."

"Maziwa nayataka. Lakini nimekufuata wewe."

Nilijishikilia kwenye nguzo ya banda. Kama angekataa, nisingejua tena pa kumpeleka. Ng'ombe aliendelea kutafuna. Baada ya muda kaka akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akapandisha mkono wa shati.

"Haya. Upesi, huyu haogopi lakini mimi naogopa."

Nesi akamchoma, akaondoka akisema atakuja mwezi ujao, kama hawajamhamisha. Nikakaa juu ya rundo la majani nipumzike kidogo, nikalala jua likiwa bado juu.

Kaka ndiye aliyenitikisa.

"Sogea," akasema. "Umelalia chakula cha ng'ombe."