Wino wa Ng'ambo

Shule niliiacha mapema, lakini mitumbwi yangu pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, sikurithi kwa mtu. Kwa hiyo sitaandika kama watu wa redio. Miaka ile ya wakimbizi, redio ilikuwa na neno moja tu juu ya uchaguzi wa Burundi: mataifa yana wasiwasi. Asubuhi wana wasiwasi, jioni wana wasiwasi. Nilichoka kusikia.

Kati ya wavuvi wangu alikuwapo Mrundi mmoja, mkimbizi wa kambini, mchapakazi na mbishi. Mbalamwezi ilipoingia tulipandisha mitumbwi mchangani, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Akaja kuniaga.

"Naenda kupiga kura, Mzee."

"Kura gani? Wewe si ulikimbia?"

"Nina michikichi ya baba kule. Asiyeonekana kwenye foleni anaitwa adui, na shamba la adui halikosi mwenyewe mpya."

Nikamwambia ni mjinga. Akacheka, akaondoka.

Alirudi na kidole cheusi kwa wino wa kura. Mkewe, aliyekuwa akianika dagaa wangu, hakumsalimu. Alimshika mkono akausugua kwa mchanga, kisha kwa limau, kisha kwa mafuta ya taa. Wino ukabaki palepale kwenye ukucha.

"Umetumaliza," akamwambia. "Kule usipokuwa na wino ni adui. Hapa ukiwa nao wakubwa wa kambi watasema kwenu kumepoa, urudi. Kadi ya kambi wakiichukua, mimi na watoto tutakwenda wapi?"

Mtumbwi mmoja ulikuwa unangoja kuzibwa nyufa. Nikamwekea mume kopo la lami mbele.

"Acheni kusugua, utachunika. Ziba huo. Kwa mikono, kijiti weka kando."

Alipokuwa akiziba alitueleza, mimi na mkewe, kwa sauti ya chini. Ndani ya chumba cha kura vijana walisimama nyuma yake. Walimchukulia karatasi, wakaitia alama wenyewe, wakamkunjia. Yeye kazi yake ilikuwa kuitumbukiza.

Kesho yake, mikono yake ikiwa myeusi mpaka vifundoni, wino hauonekani tena, likaja gari jeupe la shirika la mataifa. Alishuka Mzungu mrefu na mkalimani wake. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu, akaja mchangani, akaniamkia shikamoo kama alivyofundishwa.

"Tunasikia watu walisimamiwa wakipiga kura," mkalimani akasema. "Mgeni anamtafuta mtu aliyeona kwa macho yake."

Akamgeukia mvuvi wangu. "Wewe ni wa kule?"

"Ego. Ndiyo."

"Ulikwenda kupiga kura?"

Mkewe aliacha kugeuza dagaa. Mume akaendelea kushindilia lami kwenye ufa ambao ulikuwa umekwisha kuzibwa.

"Sijakanyaga kule tangu nilipokimbia."

Mzungu akanitazama mimi, mkalimani akauliza. "Na wewe, Mzee, humjui mtu yeyote?"

"Mimi najua dagaa," nikasema.

Wakashukuru, wakaondoka kuelekea kijiji cha Ilagala kutafuta mwingine. Vumbi la gari likatua.

"Mzee," akasema, "yule alikuwa na sura ya mtu anayesikiliza."

"Alikuwa nayo."

"Pengine ningemwambia."

Mkewe akainuka, akamsogezea kopo.

"Upande wa pili bado unavuja," akamwambia.