Kamba ya Bluu ya Geti la Juu

Kama kuna mtu aliyelipwa fadhila za punda katika bonde zima la mto Swale, huko kaskazini mwa Uingereza, basi ni Wilf Raistrick, na anayebisha aje tubishane. Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, klabu yao ya baiskeli ilipanda bonde lile kwa njia ya changarawe, ikapita kwenye mahame ya machimbo ya madini ya risasi, ikavuka mlima, halafu ikateremka upande wa pili mpaka ukumbi wa kijiji kunywa chai. Wa kwanza kufika alipigiwa makofi. Wa pili naye, haya, alipata yake. Wa mwisho alikuwa Wilf, naye alikuta birika limepoa na keki imebaki makombo.

Na mtu asije akadhani alikuwa wa mwisho kwa kushindwa. Ile ilikuwa kazi yake. Njia inakatiza shamba la Bi Hilda Coates, mjane mfuga kondoo mwenye ulimi wa wembe, na shamba lile lina mageti. Sheria ya geti kule mtoto anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: liache ulivyolikuta. Ulilikuta limefungwa, lifunge. Ulilikuta wazi, koma, usiliguse, mwenyewe ana sababu zake. Sasa, miaka ya nyuma, mpanda baiskeli mmoja asiye na adabu aliacha geti wazi, kondoo madume wakaingia kwa majike kabla ya wakati wao. Vitoto vikazaliwa katikati ya theluji, vikafa vyote. Bi Hilda akaifunga njia kwa mnyororo.

Aliyekwenda kumwangukia ni Wilf. Alikuwa dereva wa basi la shule, na watoto wa Hilda wote wawili walikulia kwenye viti vya basi lake.

"Bi Hilda, nitakaa nyuma yao mimi mwenyewe," alisema pale mlangoni, kofia mkononi. "Kila geti nitalipita wa mwisho, nilitazame kwa macho yangu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya. Ila siku ukikosea wewe, njia imekufa. Usije hapa kunililia."

Ahadi ni deni, na Wilf akalilipa. Mvua ikinyesha, yuko nyuma. Upepo ukivuma wa kung'oa meno, yuko nyuma, anashuka, anafunga, anapanda, anashuka tena. Mkewe Enid alipokuwa hai alimkanda magoti jioni yake huku akimsema. Enid akaondoka, magoti yakabaki.

Mwaka huu alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe umemchoka. Kwenye mkutano wa klabu aliomba mtu ampokee. Loo! Ungewaona. Mmoja akakagua dari, mwingine akakumbuka ana simu ya kupiga.

"Mzee, nani akae nyuma ale vumbi?" akasema Gareth Pickles, rafiki yake wa siku nyingi, mcheshi asiyejua wakati wa kunyamaza. "Wewe vumbi letu ushalizoea. Tukikuondolea utakonda."

Wakacheka. Wilf naye akacheka, kwa sababu angefanya nini?

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Hilda alimpigia simu. Mvua ilikuwa haijanyesha majuma kadhaa, jambo la ajabu kwa nchi ile, na malisho ya mlimani hayakuwa na tone la maji. "Geti la juu nimeliacha wazi, nimelifunga ukutani kwa kamba ya bluu," alisema. "Kondoo wanateremkia hapo kunywa kijitoni. Asiliguse mtu." Wilf akasimama juu ya benchi akawatangazia wote, mara mbili, kwa sauti ile ya kunyamazishia basi zima la watoto. Mtu asiseme hakusikia.

Wakaondoka. Jua lilikuwa kali, changarawe inateleza chini ya tairi kama mahindi makavu, na kile kilima cha machimboni hakina huruma na mtu. Wenzake walitoweka mapema juu huko. Wilf akabaki na pumzi zake. Alipanda kidogo, akashuka akasukuma, akaegemea ukuta wa mawe, akapanda tena. Akafunga geti la kwanza, akafunga la machimboni, akafunga la kando ya msitu. Kichwa kilikuwa kimeshafika kwenye kiti chake cha nyumbani, mwili ndio uliokuwa bado njiani. Alivuka mlima akateremka mikono ikifa ganzi kwenye breki, akaingia ukumbini watu wakiwa wameshavua viatu.

"Mfalme wa vumbi huyo!" akapiga kelele Gareth. "Kaa hapa. Nimekufichia kipande cha keki na jibini lake, nimekikalia ili wasikione."

"Umekikalia?"

"Kwa heshima lakini."

Wilf akaketi. Jasho likamwingia machoni, akatia mkono kwenye mfuko wa mgongoni kutafuta kitambaa. Akatoa kamba ya bluu.

Akaitazama. Ilikuwa imekunjwa vizuri, kama anavyokunja yeye kamba zake zote. Aliigeuza, akaiweka mezani karibu na keki. Geti la juu alilifunga. Yeye. Aliyesimama juu ya benchi. Mikono iliyofunga mageti miaka yote ile ilikutana na geti lililo wazi, ikafungua kamba, ikavuta geti, ikatia komeo, na mwenyewe hakuwa na habari. Alitafuta kichwani akumbuke kufanya hivyo, akakuta pamekuwa peupe.

Gareth naye akaiona kamba, utani ukamtoka usoni. Akasogeza kiti. "Sikiliza, bwana. Tumepita wengi pale. Nani atajua? Akiuliza, sema ni wale wageni waliokuja nasi kutoka Leeds."

Na msimhukumu Wilf, aliliwazia hilo. Aliliwazia vizuri kabisa, maana njia ile ndiyo kitu pekee alichokuwa amebaki nacho cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa na faida kwa watu. Kisha akawafikiria kondoo wamesongamana getini na lile jua. Akainuka akapiga simu shambani. Ikaita, ikaita. Bi Hilda alikuwa nje na kondoo wake, na simu yake hukaa jikoni.

"Twende na gari langu," Gareth akasema.

"Gari halifiki pale, unajua."

"Basi nikusindikize."

"Na hiyo miguu? Hata chooni umekwenda umeshikilia ukuta."

Hakula keki. Alitwaa kamba mezani, akapanda baiskeli akaelekea kulekule alikotoka, magoti yanalia, watu wanamtazama kwa dirisha wakidhani mzee amedondosha kitu. Kile alichoteremka kwa dakika chache kilimla alasiri yote. Mahali pengine alisukuma akilia kabisa, kwa hasira, na hakujua hasira ni ya nani.

Kondoo aliwasikia kabla hajawaona. Walikuwa wamelalia geti, majike na watoto wao, ndimi nje. Akatia mkono kwenye komeo, akavuta, nao wakampita kwa fujo wakamkanyaga miguu, wakateremka mbio kijitoni. Akaegemeza geti ukutani. Akatoa kamba mfukoni.

Bi Hilda akatokea na pikipiki yake ya magurudumu manne. Alimwangalia, akaangalia kondoo wanavyokunywa, akaelewa nusu.

"Nani kalifunga?"

Wageni wa Leeds walikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. "Mimi, Bi Hilda," akasema. "Mikono yangu hii. Na sikumbuki nikilifunga. Hata kidogo sikumbuki."

Alisubiri wembe. Bi Hilda akazima injini, akashuka, akachukua kamba mkononi mwake akafunga fundo yeye.

"Angekuwa mmoja wa wale, njia ningeifunga leo leo," alisema, bado amempa mgongo. "Lakini ni wewe. Miaka yote hii siku yenu ikifika mimi nalala usingizi, kwa sababu nyuma yuko Wilf. Sasa ukisahau wewe, nimebaki na nani?"

Wilf akainamia baiskeli yake, akaiinua.

"Mwaka kesho piteni. Nyuma nitakaa mimi na hili dude langu. Wewe nenda mbele na wenzako, ukaile hiyo keki ikiwa nzima."

Si ndicho alichokuwa akikiomba? Alikiomba kwa watu wazima wakakagua dari. Sasa amepewa, na kilimuuma kuliko magoti yote mawili.

Wakateremka pamoja, yeye mbele kwa baiskeli, Bi Hilda nyuma akiendesha polepole. Wakafika geti la chini, lile alilopita alasiri ile ile alipokuwa akipanda. Wilf akashuka akalifungua, wakapita wote wawili. Kama kawaida yake akarudi, akaweka mkono juu ya ubao wa geti. Hakulivuta. Alisimama hapo, akatazama upande huu, akatazama upande ule, mpaka Bi Hilda akageuka kumwangalia.

"Bi Hilda," akamwita kwa sauti ndogo. "Hili nililikuta vipi?"

Yule mama akazima injini. "Lilikuwa limefungwa, Wilf," akasema. "Lifunge, twende nyumbani."